LUKU ya wote, lawama ya mmoja

Leo nawamegea kisa cha uani kwetu.

Sisi ni wapangaji sita, LUKU moja. Mwezi uliopita uniti zikawa zinayeyuka kama barafu juani, watu tukachangishana mpaka basi. Mara minong'ono ikaanza: mchawi wetu ni yule dada wa chumba cha mwisho, anachemsha maji ya kuoga kwa hita! Mama mwenye nyumba akatoa amri, ama hita itupwe ama ahame. Binti wa watu akalia hadi macho yakavimba.

Nikasema ngoja, hesabu za darasa la saba bado zipo kichwani. Hita yake ni ya wati 1,500, anaichomeka dakika 20 kila alfajiri. Hiyo ni nusu uniti kwa siku, uniti 15 kwa mwezi. Kisha nikatazama juu. Globu ya uani, ile ya zamani ya wati 60, inawaka toka saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Kwa siku 30 inakula uniti 21.6! Kumbe mchawi ananing'inia ukutani, tunamwandama binti wa watu bure.

Globu za namna hiyo, wajameni, umeme mwingi zinaugeuza joto, mwanga kiduchu. Tukachanga, tukafunga taa ya LED ya wati 9. Saa zilezile, uniti 3.24 tu kwa mwezi.

Utauliza, mambo ya hewa ya ukaa yanatuhusu nini watoto wa mjini? Yanatuhusu, mshikaji. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limetuletea megawati 2,115 za nguvu ya maji, sawa, lakini mitambo ya Kinyerezi bado inachoma gesi. Gesi ni afadhali kuliko makaa ya mawe, ila nayo inatoa hewa ya ukaa inayoipasha dunia joto. Ukizima kisicho na kazi, maji yanaweza kubaki bwawani yakusubiri. Gesi ikishaungua, ndiyo imetoka hiyo.

Dada wa hita hajahama. Sisi ndio tunaomsalimia kwa aibu siku hizi.

Na kwenu je, nani anasingiziwa? Kabla hujamnyooshea mtu kidole, tazama juu kwanza.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Bai!