Mlango Nao Ujaribiwe

Katika kila onyesho la muziki ipo saa moja ambayo mashabiki wengi hawaijui, nayo ni saa ya kujaribu vyombo. Viti ni vitupu, jua halijatua, na wanamuziki hurudia kipande kimoja cha wimbo mara tano au kumi hadi fundi mitambo aridhike. Sisi tulijaliwa kuishuhudia saa hiyo mjini Rumonge, tukiwa likizoni na bila sare. Tuliyojifunza hapo, pamoja na kosa tulilolitenda wenyewe, yanawahusu askari jeshi na askari polisi wote wanaopangiwa kulinda mikusanyiko ya raia.

Tulikwenda kama mashabiki, kwa kuwa bendi hiyo ilitangaza kwamba itapiga nyimbo za kantri. Kwetu nyumbani kanda za Jim Reeves zilikuwa zikilia kila Jumapili, ingawa mwimbaji huyo wa Marekani alikwisha kufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964. Asiyejua atauliza: nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani na mwambao wa Tanganyika, wapi na wapi? Jibu ni kwamba nyimbo hizo zilifika Afrika Mashariki kwa santuri, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Afrika, aliwarekodi Wakipsigis wa Kenya wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, lililogeuzwa na ndimi za wenyeji. Basi anayelipenda gitaa hilo katika nchi zetu hajaanza leo wala jana.

Rumonge, yapata kilomita 70 kusini ya Bujumbura, ni mji wa wavuvi na wakamuaji wa mawese. Jioni ile, kabla ya kuingia ukumbini, tulipita ufukweni. Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilikuwa ikififia, na wavuvi wa ndagala walikuwa wakijaribu taa zao na kukagua nyavu, maana mtu akishafika katikati ya maji usiku hana tena wa kumwazima kifaa.

Ndani ya ukumbi tulimkuta fundi mitambo akipiga makofi peke yake na kusikiliza mwangwi. Tulimwuliza sababu. Akatujibu: "Ndugu yangu, ukumbi mtupu ni mwongo. Watu wakijaa, miili yao humeza sauti. Kwa hiyo lazima niwapigie hesabu watu ambao bado hawajafika." Maneno hayo yalitukumbusha chuo cha maofisa, ambako mkufunzi wetu alikuwa akisisitiza kwamba ardhi uliyoikagua mchana na mahali patulivu sivyo utakavyoikuta usiku na katika purukushani.

Hapo ndipo tulipokosea. Tukiwa tunazunguka kwa furaha ya ushabiki, tuliona mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli. Tuliambiwa kuwa ufunguo anao mlinzi wa zamu ya mchana, naye amekwenda kwake kula. Tulisema moyoni kwamba hiyo si kazi yetu, tuko likizoni. Tukarudi kusikiliza gitaa.

Usiku ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Wimbo wa nne ukiwa katikati, jenereta ilizimika. Katika giza lile mtu mmoja akapaza sauti, "Moto!" Hapakuwa na moto wowote, lakini umati mzima uligeukia mlango wa mbele, ambao ndio pekee uliokuwa wazi. Wawili ndio waliotuokoa. Mwimbaji hakuacha kuimba. Alisogea mbele ya jukwaa na gitaa lake kavu, bila kipaza sauti, akaendelea. Na askari polisi mmoja mlangoni, badala ya kuinua kirungu, alimulika tochi juu darini na kusema kwa Kirundi na Kiswahili, kwa sauti ya utulivu, kwamba hakuna moto na kwamba watu watoke mmoja mmoja. Hakufa mtu. Alivunjika mkono kijana mmoja, na sisi tulilala tukiikumbuka ile kufuli.

Kwingine hawakupata bahati hiyo. Tarehe 29 Oktoba 2022, katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, watu 11 walipoteza maisha katika onyesho la Fally Ipupa lililojaza watu kupita kiasi. Wawili kati yao walikuwa askari polisi. Usiku wa kuamkia mwaka 2023, mjini Kampala, watu wasiopungua 9 walikufa baada ya mtangazaji wa jukwaani kuwahimiza mashabiki watoke nje kutazama fataki. Msongamano haubagui sare na kanzu.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Saa ya kujaribu vyombo iwe pia saa ya mlinzi. Askari waliopangwa zamu wafike wakati huo, si wakati tiketi zimekwisha kuuzwa. Wafungue kila mlango kwa mikono yao, na ufunguo ukae kwa askari aliyesimama hapo hapo. Waafikiane na wanamuziki: taa zikizimika, nani atasema na atasema nini. Ukumbi ukijaa, mlango wa kuingilia usimame, hata aliyeko nje akiwa mkubwa. Na mlinzi awe na tochi, aelekeze uso wake kwa watu, si kwa jukwaa.

Lipo na neno moja chungu. Wako wenzetu wasio zamuni ambao huingia katika maonyesho bila tiketi kwa nguvu ya sare. Wao hudhani wamempunguzia mwenye onyesho faranga chache tu. La hasha. Wameongeza watu wasiohesabiwa ndani ya ukumbi, na siku mlango utakapozidiwa, aliyekanyagwa atakuwa mtoto wa raia aliyelipa, au askari mwenzao aliyekuwa kazini.

Likizo humpumzisha askari miguu, haimfumbi macho. Siku ile tulikuwa na macho, tukaliona kosa, tukanyamaza. Tunaandika ili msomaji atakayeiona kufuli kama ile asisite kama sisi, bali autafute ufunguo kabla gitaa halijaanza kulia.