Miaka tatu ya état de siège: nani analindwa?

Goma, tarehe 6 Mei 2024



Leo état de siège inatimiza miaka tatu katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ilitangazwa kwa siku 30. Kifungu cha 144 cha Katiba kinasema hivyo: siku 30, kisha Bunge inaweza kuongeza siku 15, tena siku 15. Wamezifanya hizo siku 15 kuwa mazoea, sawa mupangaji anayemwambia bailleur kila mwezi «ningojee kidogo tu». Mtoto aliyezaliwa hapa Goma tarehe 6 Mei 2021 leo anatembea, anasema, anagombana na wenzake, na hajawahi kuona gavana asiyevaa nguo za jeshi.

Na leo tuko kwenye kilio. Ijumaa mabomu yameanguka kwenye kambi za wakimbizi, Mugunga na Lac Vert. Watu zaidi ya 10 wamekufa, wengi wao wanawake na watoto. Hao ni watu walioshakimbia mara moja, mara mbili, wakafikiri hapa njo mwisho wa safari. Serikali inasema ni M23 na Rwanda, M23 inakataa. Siku ile ile ya Ijumaa, hapa hapa mjini, mahakama ya kijeshi imewahukumu kifo wanajeshi 8, juu ya woga na kukimbia adui. Raia anakufa chini ya shitingi, na jibu tunalopewa ni hukumu ya kifo kwa wanajeshi. Wakubwa waliokula pesa ya chakula cha wanajeshi, kesi yao iko wapi?

Tusidanganyane: mwaka 2021 wengi wetu tulishangilia. Beni ilikuwa inachinjwa tangu Oktoba 2014. Watu walikuwa wamechoka kuzika. Marekani ilikuwa imetoka kuiweka ADF kwenye orodha ya magaidi, Machi 2021, na kuiita tawi la Daesh. Tukasema basi, sasa dunia imeona, wanajeshi wachukue ofisi zote, wamalize kazi. Hata sisi tunaoandika hapa, kuna kati yetu waliosema «wape miezi mitatu».

Tuliwapa miaka tatu. Krismasi ya 2021, bomu ndani ya restaurant Beni mjini. Januari 2023, bomu ndani ya kanisa Kasindi, watu wako kwenye ibada. Machi 2023, Mukondi, zaidi ya watu 30 katika usiku mmoja. Majeshi ya Uganda yaliingia tangu Novemba 2021 na operesheni Shujaa. ADF waliacha kambi zingine, wakahamia mbele, Mambasa na kwingine, wakaendelea kukata watu. Upande wetu, Bunagana ilianguka tarehe 13 Juni 2022, kukiwa na état de siège. Rutshuru na Kiwanja zikafuata mwezi wa kumi, kukiwa na état de siège. Rubaya, juzi tu tarehe 30 Aprili, vilevile. Kama ni dawa, mgonjwa amezidi kuugua tangu aanze kuinywa.

Sasa tuongee juu ya lile neno. Mei 2022 serikali iliita M23 «kikundi cha kigaidi». Hatuna uchungu nao. Wanaoua watu wa Kishishe hatuwatetei hata dakika moja. Lakini tumeona vile neno linavyotembea. Linaanzia kwa ADF, linafika kwa M23, halafu linashuka kwa yule anayeuliza maswali: «wewe uko complice», «wewe uko unasaidia adui». Novemba 2021, vijana 13 wa harakati za kiraia walikamatwa Beni kwa sababu waliandamana kupinga état de siège. Mahakama ya kijeshi ikawapa mwaka mmoja wa jela, tarehe 1 Aprili 2022. Bunduki hawakuwa nayo. Walikuwa na makaratasi.

Na tarehe 30 Agosti 2023, hapa Goma, watu waliotaka kuandamana juu ya MONUSCO walipigwa risasi asubuhi mapema. Serikali yenyewe ilihesabu kwanza wafu 43, baadaye hesabu ikapita 50. Waliowaua hawakutoka msituni. Walikuwa wanajeshi wa Garde républicaine, wanaolipwa na kodi yetu.

Tunajua vile watajibu kwenye WhatsApp: «Sasa ni vita, demokrasia itangoje.» Tunawaelewa, wengi wana ndugu waliokatwa na panga. Lakini tunawauliza: polisi ameshapewa kazi ya kufukuza wanaoandamana, jaji wa kijeshi ameshapewa kesi ya mbuzi na ya shamba, mwanajeshi ameshapewa barieri ya kukusanya madesu ya kila siku, nani amebaki kwenda kumtafuta ADF? Mwezi wa tatu wamerudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo, uliokuwa umesimamishwa tangu 2003. Mtu anayejilipua, unamtisha na kifo namna gani?

Agosti 2023 walifanya table ronde Kinshasa juu ya état de siège. Wengi wa walioitwa, watu wa hapa, walisema itolewe. Oktoba Rais akatangaza kuilegeza kidogo kidogo. Tunangoja mpaka leo. Wakati huo huo watu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura Desemba 2023. Kwa hiyo hawana hata mbunge wa kumtukana.

Wabunge wetu wapya, ninyi ambao Desemba mlikuja Majengo na Katindo kugawa t-shirt: maombi ya kuongeza siku 15 yatawafikia tena. Tunataka kura ipigwe kwa jina, wazi. Tunataka serikali iweke mezani pesa zote za état de siège, tangu siku ya kwanza, zilienda wapi na nani alisaini. Tunataka kesi za raia zirudi kwa mahakama za raia, na gavana wa kiraia arudi. Na walinzi wawekwe Mugunga leo, si baada ya mazishi.

Majina ya watakaosema «ndiyo» tutayaandika hapa, kwenye ukurasa huu, moja moja.