Mtoto Mzito na Mbeleko ya Ubavuni

Mwezi huu tungependa kuzungumzia mtoto aliyekwisha kukaa lakini bado hawezi kutembea mwendo mrefu. Mtoto huyu hatulii tena mgongoni. Anataka kuona njia, kuona watu, na kumwona mama yake usoni. Tena ni mzito: akitimiza mwaka mmoja huwa na kilo 9 hivi, na akitimiza miaka miwili hukaribia kilo 12. Mama humpachika kiunoni, humshika kwa mkono mmoja, na jioni analalamika mgongo.

Kubeba ubavuni ni desturi ya tangu zamani. Nabii Isaya, katika sura ya 66, anaufananisha Yerusalemu na mama anayenyonyesha, ambaye watoto wake hubebwa ubavuni na kubembelezwa magotini. Basi tusione haya kwa desturi hii, bali tuifanye vizuri.

Tuchague nguo gani? Katika nyanda hizi za wafugaji, mabibi zetu walibebea ngozi ya mbuzi iliyolainishwa. Leo wengi wetu tunatumia kanga. Kwa mtoto mchanga inatosha, lakini kwa mtoto mzito kanga iliyochakaa inaweza kupasuka, na urefu wake wa mita moja na nusu hivi hauachi nafasi ya fundo zuri. Afadhali kitenge kizito cha yadi mbili, kama vile vinavyouzwa Soko la Majengo pale Dodoma mjini. Kabla ya kukitumia, kivute kwa nguvu na kukitazama kwenye mwanga. Kikionyesha nyuzi zilizoachana, kifanye kitambaa cha jikoni.

Vibebeo vya dukani vyenye mikanda ni vizuri kwa mwenye uwezo, ila visitufanye tujione duni. Bibi Ann Moore wa Marekani, aliyesajili uvumbuzi wa kibebeo cha Snugli mwaka 1969, alipata wazo hilo Togo, alikofanya kazi miaka ya 1960 na kuwaona akina mama wa Kiafrika wakibeba watoto kwa nguo. Ukinunua cha mtumba, kagua mishono na vifungo vyote.

Iwe kitenge au kibebeo cha dukani, chunguza mambo matatu. Kwanza, nguo imshike mtoto kutoka goti hadi goti, miguu ikikupanda ubavuni, na magoti yawe juu kidogo kuliko makalio. Miguu ikining'inia imenyooka, nyonga za mtoto hazikai vizuri. Pili, nguo ipande mgongoni mwake hadi makwapani, uso ukiwa wazi hata kama kuna upepo na vumbi. Tatu, itandaze nguo juu ya bega lako lote. Ikijikunja kama kamba itakukata shingo.

Kufunga ni hivi: pitisha kitenge juu ya bega moja na chini ya kwapa la upande wa pili, kisha funga fundo mara mbili mbele ya bega. Mtoto akae upande ule wa kwapa. Mara ya kwanza jaribu ukiwa umeketi mkekani. Mkono mmoja ubaki karibu na mtoto, na ubadilishe upande kila unapochoka.

Mbeleko ya ubavuni ni ya safari fupi: kanisani, sokoni, kliniki. Haifai kwa kulima uwele wala kutwanga. Kamwe usipike nayo, maana mkono wa mtoto hufika sufuriani kabla hujageuka. Wala usimfunge hivyo kwenye pikipiki, au unapobeba ndoo ya maji kichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ukijikwaa, mnaanguka wote wawili.

Sasa tuseme neno moja zito. Katika nyumba nyingi, anayembeba mtoto huyu mchana kutwa si mama, bali ni dada yake wa miaka minane. Binti wa umri huo ana kilo 25 hivi. Kumbebesha mdogo wake wa kilo 10 ni sawa na mama wa kilo 60 kubeba gunia la kilo 24. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hatuuhisi uzito huo kwa sababu hauko ubavuni mwetu, na pengine siku hiyo binti hakwenda shule. Acha amchezeshe mdogo wake mkekani, lakini kumbeba iwe kazi ya watu wazima.

Na baba je? Kitenge hakikatai bega la mwanamume. Mwombeni kwa upole, hasa mama akiwa mjamzito, ambebe mtoto mnapokwenda ibadani. Mtoto naye mpeni nafasi ya kutembea kidogo kila siku, hata kama mtachelewa.

Bwana, atuchukuaye tangu tumboni hata uzee wetu, awape nguvu. Hadi mwezi ujao, kaeni kwa amani.