Picha ya mama ndani ya chumba chenye giza

Swali la Jumapili hii limenijia kutoka Chaani, kule Changamwe. Aliyeuliza ni mama wa makamo ambaye mamake mzazi, mzee wa miaka 80 na ushei, hajainuka kitandani tangu mwaka jana. Picha pekee ya mzee huyo inayomwonyesha sawasawa ni ile ya kitambulisho. Wajukuu wamempiga picha kwa simu zao si mara moja wala mbili, lakini matokeo ni yale yale: dirisha jeupe pepepe, na mbele yake kivuli cheusi kilichojitanda leso. Sasa anauliza, je, anunue simu ya bei kubwa zaidi?

Asinunue. Fedha hizo na zimnunulie mzee maziwa.

Hata hivyo, swali lenyewe si la kuchukuliwa kwa wepesi. Sote tumehudhuria matanga ambapo picha iliyowekwa mezani ilitolewa kwenye kitambulisho, ikakuzwa na kukuzwa hata uso ukawa madoadoa, na watoto wa marehemu wakawa wanaulizana kama kweli hapakuwa na nyingine. Zilikuwapo, tena tele, ila zote zilikuwa giza tupu. Mzee wa umri huo hana siku nyingi za kutungojea tujifunze, kwa hivyo tuingie kazini.

Chukua chumba cha kawaida katika nyumba ya Kiswahili. Katikati ya nyumba kuna ukumbi mrefu, vyumba viko huku na huku, kila kimoja na dirisha lake dogo lenye vyuma. Kitanda kimesukumwa chini ya dirisha ili mgonjwa apate upepo. Mgeni huingia, husimama mlangoni na kuinua simu yake. Ameelekea wapi? Ameelekea dirisha. Jicho la binadamu huweza kuuona uso na dirisha kwa pamoja, lakini kamera hushindwa. Ikikutana na mwanga mkali wa nje hudhani chumba chote kinang'aa, basi hupunguza nuru, na uso wa mama huzama gizani. Simu ya shilingi 100,000 nayo itasumbuka hapo hapo, pengine kwa nafuu kidogo.

Dawa ni kugeuza mambo. Wewe ndiye unayepaswa kulipa dirisha mgongo au bega, naye mama alielekee. Kama hawezi kuinuka, geuzeni kitanda. Watu watatu au wanne hukigeuza na mgonjwa juu yake, mradi wamweleze kwanza asije akashtuka. Kisha msogezeni karibu. Nuru ya dirisha dogo hufifia upesi mno: aliye mita 2 kutoka dirishani hupata kama robo tu ya nuru anayoipata aliye mita 1.

Futa vioo pia. Nyumba nyingi za upande huo hula vumbi la malori ya bandarini kutwa kucha, na kioo chenye vumbi huiba nuru bila mtu kutambua. Ondoa nguo zilizotundikwa kwenye vyuma. Na ile lenzi ya simu, ambayo tangu asubuhi imeshikwa na vidole vya mahamri na mafuta ya nazi, ipanguse kwa ncha ya leso ya pamba. Utashangaa ni picha ngapi zenye ukungu ambazo kosa lake lilikuwa mafuta tu.

Mzee akiweza kukalishwa kitini kwa robo saa, mlango wa mbele hushinda dirisha. Mweke hatua moja ndani ya kizingiti, akitazama nje, nawe simama barazani kando kidogo usimzibie. Juu yake kuna kivuli cha dari, na usoni anapata mwanga mpole wa uwanja mzima. Wapiga picha wa feri ya Likoni waliijua siri hii. Miaka ya 1990 walikuwa na vibanda vyao karibu na kivuko, nyuma ya mteja pazia lililochorwa na maua ya plastiki, na mbele kuwazi. Kibanda cha namna hiyo ni nini, kama si chumba chenye mlango?

Saa nayo ina maneno yake. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na adhuhuri jua hukaribia utosini, haliingii ndani. Kwa dirisha la mashariki chagua saa mbili au saa tatu asubuhi, kwa la magharibi ngoja saa kumi alasiri. Mwale wa jua ukimpiga usoni moja kwa moja atakunja macho na nusu ya uso itakuwa nyeusi. Tundika neti nyeupe ya mbu dirishani, uone mwanga unavyolainika. Upande wa uso ulio gizani, mjukuu ashike shuka nyeupe umbali wa mkono mmoja hivi, nayo itarudisha nuru shavuni. Ukuta uliopakwa rangi ya kijani hufanya kazi hiyo hiyo kwa ubaya, humpaka mgonjwa kijani. Na balbu izimwe mchana. Mwanga wake ni wa manjano, wa dirishani una ubuluu, na uso uliopigwa na yote miwili hauna rangi ya binadamu. Ikiwa picha ya namna hiyo unayo tayari, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, mara nyingi hupona.

Sasa nguo. Kamera hupenda kila kitu kiwe cha wastani. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe akijaa kwenye picha, kamera hupunguza nuru na uso wake huwa mweusi kupita kiasi. Aliyevaa buibui, kamera huongeza nuru na uso hupauka. Kwa hivyo gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha ukipenda shusha au pandisha ile alama ya jua inayotokea, mpaka ngozi ionekane kama uijuavyo. Usikubali simu imfanye mama mweupe.

Nalisema hili kwa sababu. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa "Shirley". Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika mwaka 2009 jinsi kampuni ya Kodak ilivyoboresha filamu zake katika rangi za kahawia baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao. Chokoleti ilisikizwa kabla ya watu! Siku hizi kampuni za simu zinajitahidi, Google kwa mfano ilitoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 ikitangaza kwamba inazijali ngozi nyeusi. Lakini mwenye kumjua mama ni wewe.

Flashi iache. Kwa joto letu uso una jasho, na flashi hulifanya jasho ling'ae kama kioo huku chumba nyuma kikiwa kaburi. Stima ikipotea usiku na lazima upige, mtu mwingine awashe tochi ya simu yake na kuielekeza kwenye ile shuka nyeupe, si kwa mgonjwa. Taa ya tyubu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwa stima yetu ya mizunguko 50, ndiyo maana picha hutokea na mistari. Kama simu yako ina sehemu ya kupanga kasi, iweke 1/50 au 1/100. Ile hali ya usiku katika simu hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha, hivyo huhitaji utulivu. Egemeza simu juu ya mkebe, weka saa ya sekunde 3, na umwombe mama apumue taratibu.

Kabla ya yote, muulize. Mwache achague leso yake, achanwe nywele, mito ipangwe mgongoni. Wapo kina mama wa pwani ambao hawataki kabisa picha yao izunguke kwenye simu za watu. Akisema ibaki nyumbani, ibaki nyumbani.

Ukiipata iliyo nzuri, ipeleke studio siku hiyo hiyo ichapishwe, inchi 4 kwa 6, nakala mbili au tatu. Nyuma andika kwa penseli jina lake kamili, mahali na tarehe. Ukiitia kwenye fremu, weka ukanda wa karatasi ngumu kati ya picha na kioo, kwa maana unyevu wa pwani huigandisha picha kiooni, na siku ya kuitoa huchanika.