Nguo moja, filme mbili: je, ni uongo?

Siku ya posho, kiisha chakula cha jioni, tuliona katika sale kubwa filme Quo Vadis, ile ya mwaka 1951 yenye kuonyesha mateso ya Wakristo wa Roma chini ya Nero. Posho iliyofuata wakatuonyesha Julius Caesar, ya mwaka 1953. Filme haijafika hata katikati, ndugu mmoja wa mwaka wa tano akasimama na kusema kwa sauti: «Lakini hizi nguo si ni zilezile!» Watu wakacheka. Mwangalizi wa internati akamwambia aketi. Usiku, kule kwenye vitanda, hakuna aliyelala upesi. Wengine walisema tumedanganywa. Wengine walisema mambo ya nguo ni ya wanawake, watu walale. Sisi wa kamati ya gazeti hili tulisikia yote, na tunataka kutoa mawazo yetu.

Kwanza, yule ndugu hakukosea. Filme zote mbili ni za kampuni moja, MGM ya Marekani. Quo Vadis ilitengenezwa kulekule Roma, kwa franga nyingi sana, na maelfu ya watu walivikwa. Kazi ilipokwisha, je, zile nguo zitupwe? Baadhi yake, pamoja na mapambo, zilipakizwa mpaka Marekani, zikatumika tena katika Julius Caesar, ambayo haikupewa franga nyingi. Tena hii ya pili haina rangi, iko nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo ni vigumu jicho kutambua. Ndugu yetu ana macho makali!

Na si hao tu. Kule London kuna nyumba inaitwa Angels, ilianza mwaka 1840. Mwenye kuianzisha, Morris Angel, alikuwa mchuuzi wa nguo zilizokwisha kuvaliwa, sawasawa na wale mama wa sokoni kwetu wenye kufungua mabalo asubuhi. Wakati ule mchezaji wa teatro alipashwa kujitafutia nguo yeye mwenyewe. Basi wakaja kununua kwake, na kiisha wakaomba kukodi badala ya kununua. Leo ile nyumba inakodisha nguo kwa filme na kwa televizyo. Nyingine, Cosprop, ilianzishwa na John Bright mwaka 1965, papo hapo London. Kushona kanzu ya bibi tajiri wa miaka 200 iliyopita, na lasi yake na vifungo vyote, si kazi ya siku moja. Nani atakubali ivaliwe katika filme moja na kuliwa na mende? Mchezaji mkubwa anashonewa mpya, wale wa kusimama nyuma wanapata za zamani. Kesho kutwa ile mpya nayo inarudi nyuma: wanabadilisha mikono, wanatia rangi, wanaifunika na shali. Ndani ya shingo kuna kitambaa kidogo chenye jina la mchezaji, na mara nyingine nguo moja iko na majina mawili ama matatu. Sisi hatuoni haya hapo. Nani kati yetu hajavaa uniformu ya kaka yake?

Hata mzaha unaruhusiwa. Filme Cleopatra ilianza kutengenezwa Uingereza, kwenye studio za Pinewood, mwaka 1960. Elizabeth Taylor akaugua sana, kazi ikahamishwa Roma, nguo na mapambo mengine yakabaki. Waingereza wakayachukua, na mwaka 1964 wakafanya filme ya kuchekesha, Carry On Cleo. Nguo zilizotayarishwa kwa ukuu wa wafalme zikavaliwa na watu wa kuangukaanguka. Hakuna aliyedanganywa.

Lakini tusikilize vizuri. Moto wa Roma wakati wa Nero ulikuwa mwaka 64 kiisha Kristo. Yulio Kaisari aliuawa mwaka 44 mbele ya Kristo. Kati yao ni zaidi ya miaka 100! Ni kama mtu afanye filme ya Tippo Tip kule Kasongo, na watu wake wavae uniformu ya askari wa leo. Sisi Wakongo tungecheka mpaka machozi. Kwa Waroma hatucheki, juu hatujui. Na sisi tunajiuliza: wakifanya filme juu yetu, wale wa mbali watajuaje kucheka?

Hii si kitu kidogo. Katika kipimo cha historia, wenzetu watatu walichora askari wa Pilato na vyuma vipana vya kufunga kifua na ngao ya pembe nne. Wakapata ziro. Profesa akauliza: «Muliona wapi?» Wakajibu: «Kwa filme.» Pilato alitawala Yudea toka mwaka 26 mpaka 36. Askari wake kwa sehemu kubwa hawakuwa wa lejioni; walikuwa wasaidizi walioandikwa katika nchi za karibu, na kwa kawaida askari wa namna hiyo walivaa shati la pete za chuma. Vile vyuma vipana vinaonekana juu ya nguzo ya Trayano kule Roma, iliyomalizika mwaka 113. Wenye filme wanaipenda sana. Nguo zikishashonwa mara moja kwa kuifuata, zinazunguka toka filme mpaka filme, na kosa linazunguka pamoja nazo.

Sasa wengine wanataka filme zikatazwe, eti ni uongo. Hapana. Wagibeoni katika Yoshua 9 walivaa nguo zilizochakaa. Zile nguo hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa maneno waliyosema juu yake, na Waisraeli nao hawakuuliza vizuri. Tunaomba kitu kimoja tu: mbele ya kila filme, dakika tano, mtu wa mwaka wa sita aseme habari ni ya mwaka gani, filme ni ya mwaka gani, na nguo zinatoka wapi.

Posho inayokuja ni The Robe, ya 1953, juu ya vazi la Bwana Yesu ambalo askari walilipigia kura. Kiisha itafuata Demetrius and the Gladiators, ya 1954, inayoendeleza habari ileile, na nguo ni zilezile tena. Yule ndugu wa mwaka wa tano akae mbele, tafadhali, na mara hii mwangalizi amwache aseme.