Mchungaji Si wa Mimbarini Pekee

Wapo walimu wenzetu wanaofundisha kwamba mchungaji ni kiongozi wa kanisa tu, na kijana wa malishoni aitwe mfugaji. Huko ni kupanda mti mizizi juu! Neno hili limezaliwa na kitenzi chunga: kupeleka wanyama malishoni na kuwalinda. Mfugaji ni mwenye mifugo. Mchungaji ni mwenye fimbo, anayenyeshewa pamoja nayo. Waingereza wamemtia kondoo ndani ya neno lao. Letu halibagui mnyama. Hata raia, neno lenye asili ya Kiarabu, lina shina moja na jina la mchungaji katika lugha hiyo. Basi kanisa na dola vyote vimekopa malishoni. Tusimnyang'anye mkopeshaji jina lake.