Kutwa Mara Tatu: Daktari Ahakiki Dawa, Nani Ahakiki Neno?

Mgonjwa ameketi mbele ya daktari. Amekwisha kueleza maradhi yake, majibu ya maabara yako mezani, kalamu iko tayari. Mara daktari anachukua simu, anasoma kimya kwa dakika moja, ndipo anaandika. Mgonjwa akitoka nje hunong'ona: "Daktari gani huyu, hajui mpaka aulize simu?"

Sisi wapenzi wa lugha tuwe wa mwisho kumlaumu. Malenga anayeiheshimu kazi yake hafungui kamusi kwa kuwa hajui Kiswahili. Huifungua kwa kuwa anaujua uzito wa neno. Daktari naye ana kamusi zake. Mojawapo, UpToDate, ilianzishwa Marekani mwaka 1992 na hapo awali ilisambazwa kwa disketi. Leo husomwa kwa intaneti. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka mtandaoni mwongozo wake wa malaria, na huurekebisha ushahidi mpya unapopatikana. Hakuna kichwa cha binadamu kiwezacho kuyabeba hayo yote. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Daktari asiyehakiki anaweza kumtibu mama kifua na kumwachia mimba asiyoitarajia. Kuuliza si ujinga.

Kwa hiyo sisemi kwamba daktari anahakiki kupita kiasi. Nasema uhakiki wake hukoma njiani. Marejeo hayo kwa sehemu kubwa yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa huondoka na maelekezo ya Kiswahili. Hapo katikati, dawa inapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, ni nani anayehakiki?

Tazama maneno tuliyoyazoea kwenye bahasha za dawa: "kutwa mara tatu". Kutwa ni tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Ndiyo maana mwanafunzi wa shule ya kutwa hurudi kwao jioni. Huenda marejeo yalitaka dawa imezwe kila zinapopita saa nane, usiku ukiwamo. Mgonjwa anayekielewa Kiswahili chake sawasawa atameza asubuhi, adhuhuri na magharibi, kisha atalala hadi kesho. Zipo dawa ambazo hilo haliziharibii kazi. Zipo nyingine ambazo mpangilio wa saa ni sehemu ya tiba.

Mfano wa pili unatugusa sisi wenyewe. Dawa mseto ya malaria, ya artemeta na lumefantrini, humezwa dozi 6 kwa siku 3, na dozi ya pili hufuata baada ya saa nane tangu ile ya kwanza. Tuseme mgonjwa amemeza ya kwanza zahanatini saa nne asubuhi. Ya pili ni saa kumi na mbili jioni. Lakini akiambiwa kwa haraka "meza tena saa nane", ataimeza mchana, saa nne tu baada ya ile ya kwanza, na hatakuwa amekosea lugha hata kidogo.

Watu wa kawaida waliiona hatari hii zamani, wakasema "masaa nane". Sisi wasanifu tukawakemea: saa haina wingi wa ma-! Nami nimo miongoni mwa waliokemea. Kanuni naijua, lakini nakiri kwamba tuliwanyang'anya watu chombo cha kutenganisha muda na wakati bila kuwapa kingine mkononi. Kumbe kingine kipo, nacho ni sanifu: "muda wa saa nane". Ni neno moja tu la kuongeza, nalo lingetosha kuondoa utata.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, daktari au mfamasia amwombe mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe kabla hajainuka. Huo ndio uhakiki wa mwisho, nao hauhitaji simu. Pili, wanaoandaa maandishi ya bahasha za dawa wawaite wajuzi wa lugha, nasi tukiitwa twende tukiwa tayari kusikiliza kabla ya kusahihisha.

Daktari ameitoa dakika yake moja kuhakiki dawa. Dakika ya kuhakiki neno ni deni letu.